RTX 3060 huku Tabora: pawa saplai ya "750W" kwa elfu 60, au ya 550W kwa laki na themanini?

Mdau_Isevya
Wakuu, habari za jioni. Naunganisha mashine ya gemu hapa Tabora mjini: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, RAM mbili za GB 8, SSD moja na feni tatu. Imebaki pawa saplai tu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na mashine. Duka la hapa lina moja imeandikwa 750W, elfu 60, jina lake halijulikani. Kariakoo kuna ya 550W yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, laki na themanini kabla ya nauli ya basi. Mtaani kwetu jioni umeme unashuka mpaka taa zinafifia, na ukikatika unarudi kwa kishindo. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Fundi_Gungu
Mkuu, chukua ya 550. Hiyo ya 750 usiangalie boksi, igeuze ubavu usome jedwali. Tafuta safu ya +12V, yaani umeme wa volti 12 inaoutoa, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula humo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta 18A, una wati 216, hata boksi liseme 750. Ya 550 iliyotengenezwa vizuri hubeba karibu 45A kwenye +12V, yaani wati 540. Ukikuta 12V1 na 12V2, yaani safu hiyo imegawanywa mara mbili, usizijumlishe mwenyewe. Soma jumla waliyoandika chini yake, mara nyingi ni ndogo kuliko hesabu yako.

Sasa mashine yako. RTX 3060 ni wati 170. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 lakini ikikaza inaruhusiwa kufika 76. Mazabodi, RAM, SSD na feni wape 50. Unafika kama 300, sawa na ampea 25. Tatizo ni kwamba kadi hizi hazili kwa utulivu: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huruka juu ya kiwango chake, kisha zikashuka. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 550 kwa kadi hiyo. Pawa saplai dhaifu ikipigwa na mruko huo volti zinaanguka, mashine inazima na kuwaka upya katikati ya gemu, na mtu anahangaika kupiga Windows upya wiki nzima.

Reli_ya_Kati
Naongezea hapo kwenye umeme wa jioni, maana kwa Tabora na Kigoma ndiko pawa saplai nyingi zinakofia. Soma palipoandikwa AC INPUT, yaani volti za ukutani inazozipokea. Zipo za 100-240V na zipo za 200-240V. Zote zinafaa kwa umeme wetu wa 230V, ila ukishuka hadi 180 hiyo ya pili iko nje ya mipaka yake.

Pawa saplai haipunguzi kazi volti zikishuka, inavuta ampea zaidi. Mzigo wa wati 300, kwa ufanisi wa asilimia 85, unatoa wati 353 ukutani. Kwenye 230V hizo ni ampea 1.5, kwenye 170V ni 2.1. Joto la ziada linabaki ndani yake, na Oktoba ya Tabora unaijua.

Ile ya elfu 60 ikiwa na swichi ndogo nyekundu ya 115/230 nyuma, usiiguse. Kuna wanaoipeleka 115 wakidhani wanasaidia umeme mdogo. Upande huo inazidisha volti mara mbili ndani, kwa hiyo ikipata 230 fyuzi na kapasita zinapasuka hapo hapo.

Ya umeme kurudi kwa kishindo: frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji, inasubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu, lakini mashine itazimika tu umeme ukikatika. UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ni bora, ila angalia wati zake, si VA (volti mara ampea). Nyingi za 650VA zina wati 360 hivi, itakubana. Tafuta ya 1000VA yenye angalau wati 600. Baadhi ya UPS za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi ambalo pawa saplai nyingine hazilipendi, zinazima wakati wa kuhamia betri. Ijaribu gemu likiwa linacheza: chomoa plagi ya UPS ukutani uone.

Mdau_Isevya
Asanteni sana. Ya Kariakoo wamenipigia picha, ni 100-240V. Moja tu: naona ina viunganishi viwili vya pini 8 vinavyofanana. Na fundi wa hapa anasema ile nafuu haina kiunganishi cha kadi, ataweka adapta ya kuchukua umeme kwenye SATA, kiunganishi cha diski.

Fundi_Gungu
Adapta ya SATA kataa kabisa. Kiunganishi cha SATA kimepangiwa wati 54 tu kwenye +12V, na kadi yako itadai zaidi ya hapo. Plastiki inayeyuka. Pawa saplai isiyo na waya wake wa kadi haikutengenezwa kwa kazi hii.

Hivyo viwili vya pini 8 havilingani. Kinachogawanyika 4+4 ni cha prosesa, 6+2 ni cha kadi, na upande wa +12V umepinduka. Ukisukuma kwa nguvu unapiga shoti. Soma maandishi: CPU, na PCIe au VGA. Pini 8 za kadi zinabeba wati 150 na sloti ya mazabodi inatoa 75, kwa hiyo 170 zinatosha. Na nyaya za kuchomeka za pawa saplai nyingine usizitumie hata zikiingia vizuri, mpangilio ndani ni tofauti kwa kila mtengenezaji.

Dada_Ujiji
Kaka, mwambie muuzaji aijaribu kwenye mashine yenye kadi kabla haijapanda basi, kuirudisha Dar ni nauli nyingine. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya kunaonyesha kwamba inawaka tu. Kipimo cha kweli ni mita ya volti wakati gemu linacheza: +12V isitoke nje ya 11.4 hadi 12.6.

Ukiifunga chini ya keisi, feni itazame chini penye chujio, usiiweke juu ya zulia. Vumbi la kiangazi lisafishe kwa brashi kila mwezi, bila kufungua pawa saplai yenyewe: kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300 hata ukichomoa.

Halafu gusa bati la keisi. Likikutekenya, waya wa ethi haufiki, aidha kwenye soketi au kwenye eksitensheni ya pini mbili. Rekebisha hilo kwanza, ndipo uwashe kadi.