Nati za RAV4 hazikai kwenye rimu za chuma za tairi za baridi, na loki moja imegoma

Mkaazi_Montreal
Wakuu habari. Naomba msaada mapema maana 1 Desemba inakaribia, na hapa Quebec kuanzia siku hiyo hadi 15 Machi sheria inataka gari liwe na tairi za baridi.

Gari ni RAV4 ya 2015 yenye rimu za aloi za kiwandani, inchi 17. Tairi za baridi nimezipata zikiwa tayari zimefungwa kwenye rimu za chuma, matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3. Shida ni mbili.

Ya kwanza, nati za kiwandani zina shina refu na washa bapa inayozunguka. Nikizifunga kwenye rimu ya chuma, spana inaonyesha zimekaza kabisa, lakini rimu ukiishika na kuitikisa inacheza. Je, nikitoa zile washa zitakaa?

Ya pili, kila gurudumu lina nati moja ya loki (ya kuzuia wezi, hufunguka kwa ufunguo wake tu). Tatu zimefunguka vizuri. Ya nyuma kushoto ufunguo unateleza, na ukiuangalia mdomoni meno mawili yameshapondeka. Sitaki kuharibu rimu ya aloi. Nianzie wapi?

Fundi_Habu
Dada/kaka, hilo gari lisitoke hapo lilipo na nati hizo kwenye rimu za chuma. Kutoa washa hakusaidii kitu.

Rimu ndiyo inayochagua umbo la nati, stadi (bolti inayotokeza kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu) ndiyo inayochagua thredi (mikunjo ya skrubu). Rimu yako ya aloi ina tundu lililonyooka na uso bapa. Shina la nati linaingia ndani ya tundu kuiweka rimu katikati, kisha washa inabana ule uso bapa. Rimu ya chuma haina uso huo. Tundu lake limekandamizwa kama faneli, na linahitaji nati yenye ncha ya koni ya nyuzi 60 (digrii). Halafu bamba la rimu ya chuma ni jembamba, kwa hiyo shina linagota kwenye habu kabla washa haijabana, au ncha yake inashika ukingo wa faneli kwa mstari mwembamba tu. Ndiyo maana spana inagoma na rimu bado inacheza: umekaza nati dhidi ya habu, rimu hujaibana.

Ukiendesha hivyo, rimu inatembea kidogo kidogo kila unapofunga breki. Utasikia "tak" ukianza kuondoka na "tak" ukisimama, matundu yanapanuka yanakuwa kama yai, na stadi zinakatika kwa uchovu, moja baada ya nyingine.

Nunua hizi: nati 20 za koni nyuzi 60, thredi ya 12x1.5 (unene milimita 12, na milimita 1.5 kutoka mkunjo hadi mkunjo). Kichwa cha 21 mm ni kizuri zaidi kwako kwa sababu soketi ya gari lako ni hiyo hiyo, ila 19 mm nayo inafanya kazi. Soma namba ya thredi kwenye boksi kwa macho yako mwenyewe. Toyota, Honda, Mazda, Mitsubishi, Hyundai na Kia nyingi ni 12x1.5, lakini Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni 12x1.25, na kwenye rafu zinafanana kama mapacha. Nati ya 1.25 ukiilazimisha kwenye stadi ya 1.5 inaingia mizunguko miwili kisha inalewa (thredi zinaharibika) pamoja na stadi.

Kabla ya kufunga, hakikisha hivi. Rimu ikiwa chini, paka koni ya nati wino wa maka peni, iingize kwenye tundu kwa mkono na uizungushe huku ukiikandamiza. Itoe utazame. Wino ukifutika mduara mzima, mpana, koni inakaa. Ukifutika mstari mwembamba au nusu duara, umbo si lake.

Kisha kaza kwa vidole tu, bila spana, ukihesabu mizunguko. Chati za wauza nati huandika angalau mizunguko 6 na nusu kwa 12x1.5, na 7 na nusu kwa 14x1.5. Chini ya hapo stadi haijashika vya kutosha.

Kukaza: 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, raundi mbili. Ya kwanza karibu 50 Nm gurudumu likiwa limegusa chini kidogo, ya pili 103 gari likiwa limeshuka kabisa. Huna spana ya toki (inayopima nguvu hiyo)? Azima. Kwa dharura tu, mpini wa sentimita 40 kutoka katikati ya nati hadi kiganja, ukisukuma kwa nguvu ya kama kilo 26, unakaribia 103. Kusimama kwa miguu juu ya mpini kunapita mbali sana.

Thredi zifungwe kavu. Usipake oili wala grisi. Spana ya toki itakuonyesha 103 ile ile, lakini stadi itakuwa imevutwa zaidi ya ilivyopimiwa, kwa sababu msuguano umepungua.

Soketi21
Nakubaliana na Fundi_Habu. Naongezea upande wa loki.

Acha kwanza kuzungusha huo ufunguo. Kila ukiteleza unakula meno ya nati pia, na ukifika mahali nati yenyewe imelika hata ufunguo mpya hautashika.

Tafuta namba. Ufunguo huwa na namba iliyochapwa ubavuni, au kuna kadi ndogo iliyokuja na seti. Watengenezaji kama McGard huuza ufunguo mpya kwa kutumia namba hiyo. Gereji kubwa nyingi pia wana sanduku la funguo za kupimia.

Ukipata ufunguo mzuri, fanya hivi gari likiwa chini, jeki isiguse. Kaza kwanza zile nati nne za kawaida kwa toki yake sahihi ili zibebe mzigo wa rimu. Safisha mifereji ya loki kwa sindano au bisibisi nyembamba, maana chumvi ya barabarani (humwagwa kuyeyusha barafu) na mchanga vikikaa ndani ufunguo haufiki chini. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja robo saa. Gonga ufunguo uingie hadi mwisho, uushike unyooke kwa mkono mmoja, kisha vuta mpini mrefu polepole kwa mkono wa pili. Usitumie mashine ya upepo. Hiyo ndiyo inayovunja funguo nyingi: inapiga mapigo mafupi na meno ya ufunguo ni madogo.

Ufunguo ukikosekana kabisa, kuna njia mbili. Loki ya chuma kigumu isiyo na ringi inayozunguka nje: chukua soketi ya kona 12 iliyo ndogo kuliko kichwa kwa kama milimita moja, igonge kwa nyundo hadi ikae, fungua kwa mpini. Soketi hiyo ihesabu imekufa. Loki yenye ringi ya nje inayozunguka bure: soketi haitashika kitu. Hapo unahitaji soketi ya kuchomolea yenye meno ya mzunguko wa kushoto, baada ya kuikata au kuivua ile ringi. Kwenye tundu jembamba la rimu ya aloi, weka ukanda mzito wa gundi kuzunguka ukuta wa tundu kabla hujagonga, vinginevyo utakwangua rangi na chumvi itaanza kuila aloi hapo.

Tindo na moto achana navyo. Moto unaua rangi ya rimu na kuchemsha grisi na sili za beringi. Keekee ni ya mwisho kabisa, na ukifika huko jiandae kubadilisha stadi pia.

Na ikishatoka, usirudishe loki. Weka nati ya kawaida ya washa mahali pake. Wanaoiba rimu wana soketi hizi hizi.

GariKutokaJapani
Samahani kuingilia. Hapa Dar magari yanayoshuka kutoka Japani mara nyingi huja na loki bila ufunguo, na mengine na tairi za theluji. Njia hizo za Soketi21 zinafaa? Na hizo tairi niziache?

Soketi21
Mkuu, zinafaa hivyo hivyo. Ila kabla ya kugonga chochote pekua gari: kwenye povu la jeki chini ya zulia la buti, ndani ya mfuko wa wili spana, kwenye droo ya dashibodi, mfuko wa mlango wa dereva. Wengi wameukuta kwenye povu la jeki, umeviringishwa kwenye tambara.

Tairi za theluji kwenye lami ya Dar zibadilishe. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye joto unalainika zaidi, breki inakuwa ndefu, na makali yanaisha haraka. Utazitambua kwa mikato midogo midogo mingi kama ya wembe kwenye kila tofali la mpira, na mara nyingi neno STUDLESS ubavuni.

BoltiSiNati_Ujerumani
Kwa wenzangu walio huku kwenye VW na Audi, habari inabadilika kidogo. Hatuna nati, tuna bolti: nyingi ni 14x1.5, kichwa 17 mm, na kalio lake ni la duara kama mpira, si koni. Golf inakazwa 120 Nm.

Wajerumani husema tairi za baridi ni kutoka O hadi O, yaani Oktoba hadi Pasaka (Ostern), lakini sheria inaangalia hali ya barabara, si kalenda. Tangu 1 Oktoba 2024 alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haikubaliki tena kwenye barafu na theluji, lazima iwepo alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Ukinunua seti ya mkononi, tazama alama hiyo kwanza, bei baadaye.

Kosa la kila mwaka ni rimu ya aloi ya dukani inayotaka koni ya nyuzi 60, mtu anaifunga kwa bolti za kiwandani za duara. Kalio la duara ndani ya faneli linagusa mstari mmoja tu. Unakaza leo, baada ya kilomita 40 umelegea. Honda wana ugonjwa huo huo kwa upande wa nati: za kiwandani ni za duara, 12x1.5, kichwa 19 mm, 108 Nm, na rimu nyingi za dukani zinataka koni.

Kosa la pili ni urefu wa bolti. Nati ikiwa ndefu haidhuru, lakini bolti ndefu kupita kiasi inatokeza nyuma ya habu na kugusa vifaa vya breki. Kwa hiyo ukihama kutoka aloi nene kwenda rimu ya chuma pima urefu huo kwa vernia (kipimo cha milimita). Baada ya kufunga, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu. Ukisikia mkwaruzo hata mdogo, fungua.

Chumvi_Ontario
Naongeza ugonjwa wa Ford na baadhi ya Chrysler na Dodge: nati za vipande viwili. Ndani ni chuma, juu ni kofia nyembamba inayong'aa. Chumvi ya barabarani inapenya chini ya kofia, kutu inavimba, na nati ya 19 mm haikubali tena soketi ya 19. Ya 20 inaingia lakini inapwaya, na ukiilazimisha inakula kona. Tafuta soketi ya 19.5, ipo madukani kwa kazi hii hasa. Kofia ikitoka, chini yake chuma ni kidogo kuliko 19, kwa hiyo soketi yako ya kawaida nayo haitashika.

Badilisha zote mara moja kwa nati za kipande kimoja. Fanya hivyo gari likiwa nyumbani, maana pancha ya usiku kwenye theluji, na wili spana ya gari isiyoingia kwenye nati hata moja, ni hatari kweli.

Na rimu ikiganda kwenye habu, usipige rimu kwa nyundo. Legeza nati zote mizunguko miwili bila kuzitoa, shusha gari, sogeza mbele na nyuma kama mita moja polepole sana. Itaachia. Kisha sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kwa sababu ganda la kutu lenye unene wa karatasi likipondeka baadaye, nati zote zinalegea. Grisi kidogo sana kwenye ule mdomo wa katikati wa habu tu.

Mkaazi_Montreal
Asanteni sana wote. Nati nimeagiza: 20, koni 60, 12x1.5, kichwa 21. Ufunguo una namba, nimeiona baada ya kuusafisha. Swali la mwisho: spea tairi ndogo iliyo nyuma itatumia nati zipi?

Fundi_Habu
Spea hiyo ni ya chuma yenye matundu ya koni. Majira ya baridi utatumia nati zako mpya, haina shida. Kiangazi ukirudi kwenye aloi, vitabu vingi vya Toyota huruhusu nati za washa zishike spea kwa ncha yake iliyochongwa, mwendo usizidi 80 km/h, na ni kwa muda tu. Mimi ningeweka nati 5 za koni kwenye mfuko wa jeki, hazina uzito.

Zile za washa zifungie kwenye mfuko wenye maandishi "ALOI" na uufunge kwenye rimu moja ya kiangazi, usiziweke kwenye kopo la nati mchanganyiko. Kaza tena zote baada ya kilomita 50 hadi 100, asubuhi rimu zikiwa baridi. Nati ambayo kila ukiirudia inazunguka zaidi, ifungue utazame koni na stadi, usiendelee kuikaza.