Naandika utabiri na wosia wa darasa letu: huyu mwenzetu anayesinzia nimwandikie nini?

binti_gredi12

Hodi humu. Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo.

Mwezi ujao namaliza sekondari hapa Kentucky. Nilikuja nikitokea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, nikaingizwa gredi ya 8, kwa hiyo hawa ninaohitimu nao nimekaa nao miaka mitano. Wamenichagua niandike kurasa mbili za nyongeza za kitabu cha mwaka, kile chenye picha zetu wanafunzi, zile zinazochapwa mwishoni wakati kitabu chenyewe kimeshakwenda mtamboni. Ukurasa wa kwanza ni utabiri: kila mmoja wetu atakuwa wapi mwaka 2046. Wa pili ni wosia: sisi tunaondoka, tunawagawia wanaobaki mali zetu. Kwa asiyeujua mchezo huu, Wamarekani wameucheza tangu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na huandikwa kwa lugha ya wakili kabisa: "Sisi, darasa la 2026, tukiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu..."

Wosia umenijia wenyewe. Kiti changu kwenye basi, cha tatu kutoka nyuma, ambacho chini yake ndiko hita inakopuliza, namwachia mtoto wa gredi ya 9 anayeshuka kituo cha mwisho. Kabati langu, ambalo halifunguki mpaka ulipige goti huku unazungusha namba, nalimwachia yeyote mwenye goti imara. Rafiki yangu namrudishia kalamu zake zote alizoniazima tangu gredi ya 9, isipokuwa ile ya kijani. Wanafunzi wa darasa la wanaojifunza Kiingereza nawaachia meza ya kona, tuliyokuwa tukichekea kwa lugha saba.

Utabiri nao unakwenda. Yule anayebishania sheria za karata kila mapumziko nimemfanya jaji. Msichana aliyeitengeneza projekta ya darasa kwa kibanio cha nywele, mwaka 2046 yuko mwezini anarekebisha taa za barabarani.

Nimekwama kwa kijana mmoja. Analala darasani, hasa kipindi cha kwanza. Kamati imeshampigia kura mstari wake: "2046: bado amelala, na harusi yake mwenyewe imempita." Walicheka sana. Mimi nimeshindwa kuuandika. Tunapanda naye basi moja, na siku moja mwezi wa Januari aliniambia kwamba anapanga mizigo ghalani, anaanza saa 5 usiku anatoka saa 10 alfajiri. Kodi ya nyumba kwao inamtegemea yeye na mama yake. Akaniomba nisimwambie mtu.

Sasa nikisema mstari ufutwe, wataniuliza sababu, na sababu si mali yangu. Nikiuacha, utachapwa. Na nikimruka nisimwandike chochote, atakuwa peke yake asiye na utabiri katika darasa zima. Nifanyeje?

Swali dogo la pili: mstari wangu mwenyewe nataka niuandike kwa Kiswahili. Je, ni kuwafungia mlango wasiokijua?

---

mzee_wa_2011

Marahaba binti yangu, na hongera.

Nilihitimu mwaka 2011, katika jimbo jingine. Chini ya picha yangu waliandika kwamba baada ya miaka ishirini nitakuwa nimerudi kwetu nachunga mbuzi. Sijawahi kuchunga mbuzi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Siku ile nilicheka pamoja nao, maana kila mtu alikuwa anasainiana vitabu ukumbini na sikutaka kuonekana mwenye kisirani.

Kitabu hicho kipo nyumbani kwangu hadi leo. Mwaka juzi binti yangu alikitoa kabatini, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, halafu akaniuliza, "Baba, mbuzi wako wako wapi?" Nilikosa jibu la kumpa mtoto wa miaka saba.

Ninachokuomba ni hiki. Mstari wowote unaouandika, usomee kichwani mwako kwa sauti ya mtoto wa mhusika. Ukisomeka, uchape. Huo wa harusi hausomeki. Na nenda kwa mwalimu mlezi wa kitabu, mwambie tu kwamba huridhiki nao. Mlezi ana mamlaka ya kuondoa mstari, na kamati hailazimiki kuambiwa ni nani aliyelalamika.

---

mwalimu_wa_hesabu

Nakubaliana na kaka hapo juu kuhusu mlezi. Nimewahi kulea kurasa kama hizo, na mwanafunzi akinijia akaniambia "huu hapana", sikumdai maelezo.

Lakini, mdogo wangu, naona umewauliza watu wote isipokuwa yeye. Mnapanda basi moja. Muulize: "Mwaka 2046 unataka uwe wapi?" Siri yake haitaguswa, kwa sababu swali hilo unaweza kumuuliza mwanafunzi yeyote wa darasa lenu. Wanaofanya kazi usiku huulizwa kila siku kwa nini wamechelewa, kwa nini hawakumaliza zoezi, kwa nini macho mekundu. Ni nadra kuulizwa wanataka nini.

Niongeze jambo kuhusu utabiri wenyewe, maana huwa nawaambia wahitimu wangu. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, uliohusisha watu zaidi ya 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68. Watu wa kila umri walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita. Walipoulizwa kuhusu miaka 10 ijayo, wakaona watabaki karibu vilevile walivyo. Wa miaka 18 waliona hivyo, na wazee pia. Ndiyo sababu utabiri kama wa jaji wako wa karata unanipendeza: umechukua kitu anachokipenda ukakipeleka mbali asikokuwa amekufikiria. Ule wa harusi umechukua uchovu wa mwaka mmoja ukamvisha kwa miaka ishirini.

---

mtunza_vitabu

Nijibu la Kiswahili tu, mengine yamejibiwa vizuri.

Andika kwa Kiswahili. Katika karne ya 16, wanafunzi wa chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, walianza kutembea na vitabu vidogo, na kabla ya kuagana walimwomba rafiki au mwalimu aandike humo neno lake na jina lake. Kwa Kilatini vitabu hivyo huitwa album amicorum, yaani kitabu cha marafiki. Philipp Melanchthon, aliyefundisha pale, ni mmoja wa walioandika katika vitabu hivyo. Humo utakuta Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani, Kifaransa, wakati mwingine ukurasa mmoja ukiwa na lugha mbili tatu. Mwenye kitabu alitaka mkono wa mtu na sauti yake. Asiyekielewa atakuuliza, na hapo mtakuwa na la kuzungumza siku ya mahafali mkiwa mmesimama na majoho yenu mnasubiri kuitwa.

---

gredi11_bado

Dada, msituache mikono mitupu! Mwaka jana mhitimu mmoja wa kwaya aliniachia kwenye wosia "ile noti ya juu unayoiogopa". Nilikata kipande hicho nikakibandika ndani ya kabati langu. Sasa naiimba.

---

binti_gredi12

Asanteni sana nyote. Baba wa 2011, maneno ya mtoto wako nimeyabeba shingoni wiki nzima.

Nilikwenda kwa mlezi Jumatatu. Alisoma mstari, akachukua kalamu akaukata, hakuniuliza kitu. Wanakamati walinung'unika kidogo, halafu wakahamia kubishana kuhusu rangi ya jalada.

Jumanne kwenye basi nikamuuliza yeye. Nilidhani atasema "sijui", kwa sababu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Alinyamaza vituo viwili. Kisha akasema, "Andika nina duka la magodoro. Kubwa. Mteja akiingia, analala kwanza saa nzima, hakuna wa kumwamsha, akiamka ndipo tunazungumza bei." Alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza kama ana hakika, maana watu watacheka. Akasema hicho ndicho anachotaka, wacheke kwa alichokisema yeye. Na kuhusu kazi, tumekubaliana iendelee kubaki kati yetu.

Basi nimeandika: "2046: mmiliki wa duka kubwa la magodoro kuliko yote katika bonde la mto Ohio. Darasa la 2026 wanalala bure."

Kwa Kiswahili nimeandika wangu hivi: "2046: nimesimama mbele ya darasa, nafundisha, na meza ya kona nimeiacha wazi kwa anayefika leo." Mtunza vitabu, ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Tayari watatu wameniuliza maana yake, na mmoja anajifunza kutamka "nimeiacha".

Jana jioni yule kijana wa magodoro alinitumia ujumbe kwamba naye anataka nafasi kwenye wosia. Ana cha kumwachia mtu mmoja tu. Nauweka hapa kama alivyouandika, nimeufasiri tu, kesho unakwenda mtamboni pamoja na mingine:

"Kwa mwalimu wa kipindi cha kwanza, aliyekuwa akishusha pazia upande wangu kila asubuhi na kuendelea kufundisha kwa sauti ya chini: namwachia dirisha."