Ufa kwenye tangi la maji: je, kuna gundi inayoshika?

Swali, kutoka Pasua, Moshi

Habari zenu, ndugu. Tangi langu jeusi la plastiki la lita 2,000 limepasuka chini, karibu na koki, ufa wa urefu wa kiganja. Fundi alipaka gundi ya epoksi, tukaiacha usiku kucha ikawa ngumu kama jiwe, lakini tulipojaza maji ilibanduka yote kwa pamoja, na upande wake wa ndani ulikuwa na alama ya ufa kama muhuri. Je, nijaribu faibaglasi na rezini, kama inavyofanywa kwenye bodi za magari?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Rezini nayo itabanduka. Tangi hilo ni la polithini, plastiki yenye uso unaoteleza kama nta, na gundi za kawaida za dukani haziushiki. Polithini huchomelewa kwa joto. Likaushe tangi, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, kisha uchonge ufa uwe mfereji na ukwangue pembeni mpaka uone plastiki mbichi, kwa kuwa tabaka la juu limekwisha kuchoshwa na jua. Tumia pasi ya kulehemu yenye ncha bapa, uyeyushe kingo pamoja na kijiti cha kujazia. Ukiona moshi, joto limezidi, na kiungo kilichoungua hukatika.

Kijiti hicho ndicho huwasumbua wengi. Lazima nacho kiwe polithini, na kizuri kuliko vyote ni kile kisahani kilichokatwa siku tundu la koki lilipotobolewa, kama hakikutupwa. Vinginevyo kata bomba jeusi la maji, lile linalouzwa kwa roli. Bomba la PVC halifai: kipande chake huzama majini, ilhali polithini huelea. Polipropilini, plastiki nyingine isiyofaa hapa, pia huelea, kwa hiyo chomelea kwanza kidogo mahali pasipo na madhara, uache kipoe, uvute kwa koleo. Kikibanduka, tafuta kingine. Madumu ya dawa za shambani usiyaguse, kwa kuwa maji hayo mnakunywa.

Jibu la pili, kutoka Ngaramtoni, Arusha

Naongeza swali moja: tangi limekalia nini? Likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani 2. Langu lilipasuka mahali pale pale kwa sababu lilikuwa juu ya mbao zilizoachana, kitako kikawa kinabonyea katikati ya mbao kila lilipojaa. Nililichomelea mara mbili bure kabla sijamwaga zege.

Muuliza swali

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimetoka kulitazama sasa hivi: mbao ni nne, nafasi kati yake inapita ngumi, na ufa umeanzia hasa ukingoni mwa ubao wa pili. Kisahani nimekipata stoo, watoto walikuwa wamekifanya gurudumu la kigari chao. Nitaanza na zege.