Tuwafundisheje wanafunzi wa usanifu wa michoro kuhoji kazi zao?

Mwalimu wa usanifu, Bagamoyo

Ndugu walimu na wasanifu, wanafunzi wangu wanaimudu programu na wanajua kulinganisha rangi, lakini nikimuuliza mmoja wao kwa nini kichwa cha bango amekiweka juu ya picha, hujibu kwamba kinapendeza, na darasa zima huridhika. Niliwahi kuwapa somo zima la fikra tunduizi. Wakaandika, wakafaulu mtihani, kisha wakarudi kunakili violezo vya intaneti. Je, uwezo wa kuhoji unafundishwaje ndani ya kazi yenyewe ya kubuni?

Jibu la kwanza

Mwalimu, anza na kazi iliyoleta madhara ingawa nia ya aliyeibuni ilikuwa njema. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000, kaunti ya Palm Beach, Florida, ilitaka herufi za karatasi ya kura ziwe kubwa ili wazee wasome bila taabu. Kwa hiyo majina ya wagombea yakagawanywa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati. Al Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu, kwa kuwa la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa upande wa kulia. Wapiga kura wengi walilalamika kwamba walimtaka Gore lakini wakatoboa tundu la Buchanan kwa makosa, na mpinzani mkuu wa Gore, George W. Bush, akashinda jimbo hilo kwa kura 537. Waambie wanafunzi waipange upya karatasi hiyo bila kupunguza ukubwa wa herufi, na kila mmoja aeleze alichopata na alichopoteza kwa mpangilio wake.

Jibu la pili

Ninaunga mkono, ila mfano mwingine tunao kabatini. Khanga ina pindo, mji na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, na jina hilo mara nyingi husomwa na aliye nyuma ya mvaaji, si na mvaaji mwenyewe. Mwanafunzi abuni doti moja, kisha aeleze ni nani atakayelisoma jina, akiwa umbali gani, na litafichwa na mkunjo upi nguo ikifungwa kiunoni. Baadaye aipeleke kwa akina mama wanaozijua khanga na kuwasikiliza bila kujitetea. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo linahitaji kufanyiwa mazoezi.

Jibu la tatu, kutoka Tanga

Shikamooni. Mimi nina ofisi ya uchapaji, na vijana wanaokuja kufanya mafunzo kwangu wananionyesha kikwazo kingine: wamelelewa wasimpinge mkubwa, kwa hiyo mwalimu akishasema kazi fulani ni nzuri, mjadala umekwisha. Mwalimu naomba uzungumze wa mwisho, na wanafunzi waanze kwa kueleza wanachokiona kwenye bango kabla hawajasema kama wanalipenda. Pia tazama unavyogawa alama, maana ikiwa zote zinakwenda kwenye unadhifu wa kazi iliyokamilika, mwanafunzi mwenye akili atanakili kiolezo. Mimi ningetoa nusu ya alama kwa michoro ya awali aliyoikataa, pamoja na sababu za kuikataa.