Muda wa kuvuka katika makutano yenye taa

Swali: Ndugu zangu, katika makutano mapana yenye njia za mabasi yaendayo haraka, kama yale ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, muda wa waenda kwa miguu hukokotolewaje?

Jibu: Upana hugawanywa kwa mwendo wa mtembeaji, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa mita 1.2 kwa sekunde; hivyo mita 24 zinahitaji sekunde 20, ila penye wazee na watoto ningetumia mita 1.0, hata foleni ikirefuka.

Jibu: Naunga mkono. Iongezwe pia nyekundu fupi ya pande zote, yaani sekunde chache ambazo taa zote ni nyekundu kwa pamoja, ili gari lililoingia mwishoni mwa njano limalize kutoka.

Jibu: Usiku, nguzo ya taa ya kumulika barabara isimame kabla ya kivuko, upande anakotokea dereva; ikiwa ng'ambo ya kivuko, mtembeaji huonekana kivuli tu.