Mnaouza "semina za useremala mubashara" mtandaoni: hiyo ni televisheni, rudisheni ada za watu

Wakuu, uzi huu ni wa lawama, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi.

Kwenye ufundi, neno "mubashara" lina maana moja tu: mwalimu auone mkono wa mwanafunzi kosa likiwa linatokea. Kama haoni, bora mtu afungue YouTube bure, arudishe nyuma anapotaka. Sasa pigeni hesabu. Darasa la saa mbili, ndani watu 60. Hizo ni dakika 2 kwa kila kichwa, na hapo mwalimu bado hajafundisha chochote. Dakika 2 hazitoshi hata kumwelekeza mtu ageuze simu ili mshazari wa patasi (upande wake uliochongwa kimteremko) uonekane. Juu yake mnazima vipaza sauti vya wote, mnazima kamera za wanafunzi, mnasema waandike maswali pembeni. Umubashara uko wapi hapo?

Na bando linaliwa. Zoom ikirusha picha ya 720p hutaka kama Mbps 1.2 hadi 1.8 kushusha, na nyingine kama hizo au zaidi ukiwasha kamera yako. Hata kamera yako ikizimwa, inapita nusu GB kwa saa. Mtu anachoma bando lote hilo kutazama kisogo cha fundi, kwa sababu kamera ni moja na imetundikwa juu ya meza. Kamera ya juu inaonyesha mistari ya penseli vizuri sana. Kitu isichoonyesha ni patasi kulala, na kosa kubwa la anayetoboa tundu la ulimi (shimo la kuingiza ncha iliyochongwa ya mbao nyingine, ndiyo ulimi) ndilo hilo: patasi inalala nyuzi 3 au 4 upande mmoja, tundu linatoka limepinda, fremu haikai skwea. Lazima iwepo kamera ya pili, ya ubavuni, usawa wa mbao, na isimame kwenye kigoda chake. Mkiiweka kwenye meza ileile, kila pigo la nyundo linaitingisha na hakuna anachokiona mtu.

Sauti nayo. Zoom huchukulia mlio wa randa kuwa kelele na kuufuta. Upo mpangilio wa kuruhusu sauti halisi, ni kubonyeza tu. Randa iliyonolewa hutoa mlio mmoja mrefu na maranda yanatoka kama utepe. Butu hukwaruza na kurukaruka. Kumfundisha mtu kupiga randa bila mlio ni kama kumfundisha kukaanga huku umemziba pua.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya kunoa. Tangazo lenu linasema "njoo na patasi yako", somo la kwanza linaanza na jointi. Patasi mpya ya dukani haijawa tayari kwa kazi! Upande wake bapa una mistari ya mashine na mara nyingi umebonyea, kwa hiyo hata ukinoa mshazari siku nzima makali hayaji. Somo la kwanza lilitakiwa kuwa hili: bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, namba 220, 400, 800, kisha 1000 au zaidi. Lowesha kwa maji. Sugua upande bapa, sentimita 2 au 3 za mwisho zinatosha, mpaka ung'ae sawa hadi kwenye ncha. Ndipo mshazari kwa nyuzi 25, umalizie nyuzi 30 kwenye ncha tu. Ukisikia kijisharubu cha chuma upande wa pili kwa kidole, geuza ukiondoe. Kipimo ni kukata kichwa cha mbao ya paina, pale ilipokatwa kwa msumeno: patasi kali inaacha uso laini unaong'aa, butu inaponda nyuzinyuzi za mbao na kuacha weupe. Asiyefaulu hapo asiguse jointi. Nyie mnawapeleka hivyohivyo, halafu mnawaambia "mazoezi zaidi".

Mbao je? "Nunua mbao mbili za 2x4." Zipi? Paina nyingi inayoshushwa kutoka Sao Hill (shamba la miti la Mufindi, Iringa) inafika kwenye mabanda ikiwa bado mbichi. Mwalimu ana mbao iliyokauka na kunyooshwa kwenye mashine. Mwanafunzi ana inayotoa maji ukiipiga nyundo. Jointi iliyobana leo, baada ya wiki chache inacheza, maana mbao hunywea kwa upana na unene ilhali urefu unabaki karibu vilevile. Tangazo lingesema: nunua mapema, panga kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, pima uzito kila wiki. Ukiacha kushuka, imekauka kadiri hali ya hewa ya hapo ilivyo.

Kuhusu vipimo, acheni kuwakaririsha watu "ulimi ni theluthi moja ya unene". Mbao ya milimita 45, theluthi ni 15, na patasi ya 15 dukani haipatikani kirahisi. Chukua upana wa patasi uliyonayo, ya nusu inchi kwa mfano, na ulimi ufuate tundu. Toboa tundu kwanza. Acha milimita 20 hadi 25 za ziada kwenye kichwa cha mguu (mbao yenye tundu), vinginevyo kitapasuka ukitoboa karibu nacho, na zisikatwe mpaka gundi ikauke. Chini ya ulimi bakisha milimita 2, gundi ipate pa kwenda.

Gundi nyeupe kwenye joto la Dar inaanza kushika ndani ya dakika 5 hadi 10. Mwalimu anaipaka, kisha anasoma maswali robo saa. Nani anafundisha nani?

Jibu #1
Mkuu umesahau klampu, vile vibanio vya kukaza fremu gundi ikikauka. Orodha yao inasema klampu nne za futi tatu, bei yake inazidi ada. Badala yake pigilia vibao viwili juu ya ubao mpana, nafasi kati yake izidi fremu kwa sentimita 3, kaza kwa kabari mbili zinazopishana. Chini ya jointi tandika mfuko wa nailoni, gundi isinate.

Jibu #2
Kabari sawa, ila ukizigonga sana fremu inainuka katikati. Weka jiwe juu. Na pima kona kwa kona kabla gundi haijashika, vipimo viwili vikipishana fremu imeenda upande. Halafu waandike saa ya darasa vizuri: "saa 2" ya asubuhi au ya usiku? Ya Kiswahili au ya Kizungu?

Mleta uzi
Jibu #2, jiwe sawa kabisa. Wanaopanga darasa lijalo: watu 8, wasizidi 10. Picha za patasi na mbao zitumwe siku mbili kabla, na zitumwe WhatsApp kama dokyumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na ncha ya patasi inageuka ukungu.