FreeBSD: niiache Xorg ijipange yenyewe au niandike xorg.conf kwa mkono?

mgeni_wa_bsd:
Wakuu, heshima kwenu. Nina desktop ya mtumba yenye grafiki za Intel, nimeweka mfumo endeshi wa FreeBSD. Picha za skrini zinaendeshwa na programu ya Xorg, na xorg.conf ndiyo faili ya mipangilio yake. Monita ni ya 1920x1080 lakini picha imegoma kwenye 1024x768, maandishi yamevimba kama mandazi. Mwongozo mmoja wa zamani uliniambia nipige `Xorg -configure`. Faili ya xorg.conf niliyonayo sasa imeandikwa draiva ya vesa, ile ya jumla ya kadi nyingi. Mwingine unasema siku hizi xorg.conf haihitajiki kabisa. Nishike upi?

Nahodha_Shell:
Wa pili, mkuu. Bila faili, Xorg inatazama kadi iliyopo, inachagua draiva, kisha inasoma EDID, yaani taarifa (kuanzia baiti 128) ya ukubwa wa picha ambao monita inaumudu, nayo huitoa kupitia kebo ileile ya picha. Ukiandika `Driver "vesa"` umeshaifunga mikono, hata kadi iwe kali vipi. Ondoa faili hiyo, sakinisha drm-kmod (kifurushi cha draiva za grafiki), halafu kama root (msimamizi) piga hizi; ya kwanza hupakia draiva ya Intel kompyuta ikiwaka, ya pili hukuruhusu kutumia kadi:

`sysrc kld_list+=i915kms`
`pw groupmod video -m jina_lako`

Kisha washa upya.

Mzee_wa_CRT:
Vijana mna haraka ya kutupa faili. Enzi za monita zenye kisogo tulijaza HorizSync na VertRefresh (kasi za mlalo na wima za monita) kutoka kwenye kijitabu chake, na ukikosea ungeweza kuiunguza. Sikatai otomatiki, lakini inategemea monita ijibu. Isipojibu je?

mgeni_wa_bsd:
Nimefanya. Video hazikwami tena, ila bado 1024x768! Natumia VGA, inapitia kigawanyio cha skrini mbili.

Nahodha_Shell:
Basi Mzee kashinda nusu 😂. Vigawanyio vya bei chee mara nyingi havipitishi EDID, na kerneli (kiini cha mfumo) isipoipata inarudi kwenye 1024x768 kwa usalama. Chomeka monita moja kwa moja uone.

mgeni_wa_bsd:
Moja kwa moja inakubali 1920x1080 yenyewe. Lakini kigawanyio nakihitaji.

DadaKerneli:
Basi andika kile tu ambacho Xorg haiwezi kukijua. Piga `cvt 1920 1080 60`, mstari wa Modeline (vipimo vya picha) unaotoka uuweke kwenye /usr/local/etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf:

`Section "Monitor"`
`Identifier "VGA-1"`
`(mstari wa Modeline hapa)`
`Option "PreferredMode" "1920x1080_60.00"`
`EndSection`

Jina VGA-1 lihakiki kwa `xrandr`, amri ya kuonyesha na kubadili skrini. Driver na BusID (anwani ya kadi) usiguse. Na kabla ya kuandika faili, jaribu kwanza kwa `xrandr --newmode` na `--addmode`, kisha uiwashe kwa `--output` na `--mode`. Picha ikipotea, toka kwenye X (yaani Xorg), jaribio linajifuta.

Mzee_wa_CRT:
Hapo nimeridhika. Hakikisha tu monita zote mbili zinabeba 67.16 kHz, ndiyo hsync (kasi ya mlalo) ya mstari huo wa Modeline.

mgeni_wa_bsd:
Imekaa sawa, zote mbili. Swali dogo: nikichomeka projekta kwa HDMI, haitavurugika?

DadaKerneli:
Hapana. Mipangilio hiyo ni ya VGA-1 peke yake. HDMI itasoma EDID ya projekta kama kawaida.